Bahari yote hii, sumu inamfikiaje pomboo?

#1 Mwana wa Dimbani
Wakuu salaam. Juzi nilikuwa Kizimkazi kwa mjomba. Mzee huyu alivua papa tangu enzi ambazo pomboo alikuwa chambo tu, kabla watalii hawajaanza kulipa ili wamwone. Nikamsomea kwenye simu kwamba pomboo wa Unguja walipimwa mafuta yao, wakakutwa na mabaki ya dawa za kuulia wadudu. Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema, "Chukua chupa ya dawa, kaimwage pale ufukweni, kesho niletee dawa ile ile."

Nilikosa la kumjibu. Dawa ipulizwe shambani, inyeshewe, iteremke na mto, ifike kwenye maji yasiyo na mwisho. Sasa mnyama anayeogelea humo anakuwaje nayo nyingi kuliko maji yenyewe? Wajuzi karibuni. Mimi namuunga mkono mjomba mpaka nishawishike.

#2 Chumvi Kidogo
Nimeshaweka kiti. Anayepita na kahawa anikumbuke.

#3 Fundi Maabara
Muulize mjomba habari za sifa, yale mafuta ya ini la papa. Akishapaka chombo chake mafuta ya papa, akanawa kwa maji ya bahari, harufu ilikuwa inatoka? Haitoki hata anawe mpaka magharibi. Ila akijifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, inahama mara moja. Mafuta hufuata mafuta.

DDT (dawa ya wadudu) na PCB (kemikali ya viwandani) zina tabia hiyo hiyo. Maji haziyapendi. Zikiingia baharini zinatafuta chochote chenye mafuta, na cha kwanza kukutana nacho ni planktoni, vile vidubwasha visivyoonekana kwa macho. Dagaa anakula planktoni bila hesabu. Kibua anakula dagaa. Pomboo anakula vibua kila siku kwa miaka 30 na zaidi. Chakula kinaunguzwa mwilini kinakuwa nguvu, uchafu unatoka, lakini sumu hii haiungui wala haitoki na mkojo. Inabaki kwenye tabaka la mafuta chini ya ngozi. Kesho inaongezeka nyingine.

Kwa hiyo chupa ya mjomba hairudi ufukweni. Inarudi ndani ya pomboo.

#4 Kigwangwa
Mkuu #3 umeeleweka, ila hapo nina swali. Kama ni kulimbikiza, basi mkubwa kuliko wote ndiye mwenye sumu kuliko wote. Papa potwe wa kule Mafia atakuwa pipa la sumu linalotembea!

#5 Fundi Maabara
Hapana. Ukubwa si hoja, hoja ni ngazi anayokalia, yaani nani anakula nani. Potwe anachuja planktoni na visamaki, yuko karibu na chini. Nyangumi wa buluu, mnyama mkubwa kuliko wote, anakula viduduvi aina ya kamba wadogo, na sumu yake ni ndogo ukimlinganisha na orka, yule nyangumi muuaji, ambaye ni mdogo kwake mara nyingi sana.

Tena orka wenyewe kwa wenyewe wanatofautiana. Pwani ya magharibi ya Canada wapo wanaokula samaki na wapo wanaokula pomboo na sili, wale wanyama wa majini wenye manyoya wanaonyonyesha. Walipimwa, matokeo yakatoka mwaka 2000. Madume wa kundi la kaskazini, walaji wa samaki, walikuwa na wastani wa kama miligramu 37 za PCB kwa kila kilo ya mafuta. Madume walaji wa sili, kama 251. Bahari ni moja, sahani ndiyo tofauti.

#6 Mbongo Vancouver
Niko huku, nathibitisha. Habari za orka huku ni kama habari za Simba na Yanga, kila mtu ana maoni. Mwaka 2018 yule jike anayeitwa Tahlequah alibeba mtoto wake aliyekufa siku 17, anamsukuma kwa kichwa asizame. Nilikuwa kwenye basi naangalia kwenye simu, mama mmoja wa Kihindi pembeni yangu akaanza kulia, nami nikajikuta natafuta leso. Sumu hizi hizi ndizo zilizomuua yule mtoto.

#7 Nahodha Mstaafu
#6 pole, lakini usihukumu haraka. Yule mtoto aliishi kama nusu saa tu na hakuna aliyempasua kujua kilichomuua. Kundi lile lina matatizo matatu kwa pamoja: samaki mkubwa wanayemtegemea, samoni, amepungua, kelele za meli, na hizo sumu. Mimi nimepita maji yale na meli ya mizigo. Kelele ya propela humsikii mwenzako kwenye chumba cha injini, sembuse samaki anayewindwa kwa mwangwi.

#8 Mbongo Vancouver
Sawa nahodha, nimepokea. Lakini hayo matatu yanashikana. Orka akishiba, sumu imelala kwenye mafuta. Akikosa samoni, mwili unaanza kula mafuta yake wenyewe, na sumu inaamka inaingia kwenye damu. Njaa ndiyo inayofungua ghala.

#9 Nahodha Mstaafu
Hapo tumekutana.

#10 Mama Kuku wa Kibaha
Samahani jamani, mimi ni mfugaji, uzi wa bahari nimeingia kwa bahati mbaya. Nimesoma mahali kwamba DDT ilifanya ndege wa baharini watage mayai yenye ganda laini. Kwangu kuku wakitaga mayai laini nawapa chokaa na maganda ya chaza yaliyosagwa, wiki mbili mambo yanakaa sawa. Isije kuwa hao ndege walikosa chokaa tu mkasingizia dawa.

#11 Shakwe Mweupe
Mama Kuku swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, ila ndege wa baharini anakula samaki na mifupa yake, chokaa haimpungukii.

Mfano unaojulikana ni wa mwari wa kahawia kisiwa cha Anacapa, California. Mwaka 1970 walihesabiwa zaidi ya viota 550. Kifaranga aliyetoka ni mmoja. Mmoja! Mama akikaa kuatamia, yai linapasuka chini ya uzito wake. Karibu na Los Angeles palikuwa na kiwanda cha DDT ambacho mabaki yake yaliingia kwenye mfereji wa majitaka na kufika baharini miaka na miaka. DDT ikiwa mwilini inageuka kuwa DDE, na hiyo DDE inaingilia kazi ya kiungo kinachojenga ganda. Chokaa ipo kwenye damu, fundi wa kuipaka ndiye kafungwa mikono.

Marekani ikapiga marufuku DDT mwaka 1972, na mwaka 2009 mwari yule akaondolewa kwenye orodha ya walio hatarini.

#12 Mama Kuku wa Kibaha
Asante mwanangu. Viota 550 kifaranga mmoja, ningefunga banda.

#13 Bi Mwanakheri
Mnavyoitaja DDT mnanikumbusha udogo wangu Unguja, miaka ya kupambana na malaria. Walikuja wanaume na mabomba ya mgongoni. Siku hiyo tulitoa kila kitu nje, vitanda, magodoro, masufuria, hata mtungi. Wakishapiga, ukuta ulibaki na unga mweupe, ukiegemea unakupaka begani. Mama alifurahi kwa sababu kunguni walikufa wote. Sisi watoto tulikuwa tunaandika majina yetu ukutani kwa kidole.

Hiyo ndiyo mnayosema iko kwa pomboo?

#14 Fundi Maabara
Shikamoo Bi Mwanakheri. Inawezekana kwa sehemu. Kampeni ile iliendelea mpaka 1968. Na waliopima pomboo wa Zanzibar, utafiti uliochapishwa 2010, walisema DDT waliyoikuta ni mabaki ya zamani, si ya kupigwa juzi. Iliyoonekana kutumika karibuni ilikuwa dawa nyingine, lindane.

#15 Mzaramo Asilia
Mnawaonea wapiga dawa wa malaria. Kilo ngapi zinaweza kutoka ukutani zikafika baharini? Tazameni kilimo. Tazameni Vikuge hapa Kibaha. Miaka ya 80 yaliletwa madawa ya msaada, mengine yameshapitwa na wakati, DDT na ndugu zake, yakarundikwa kwenye banda. Banda likabomoka, mvua ikanyesha juu yake miaka mingi. Mimi nimepita pale, harufu inakukamata kooni kabla hujaona kitu, na pana kipande cha ardhi hata majani hayaoti.

#16 Mama Kuku wa Kibaha
Kibaha?? Jamani mimi niko Kibaha.

#17 Chumvi Kidogo
Sasa mayai yako tutayaangalia kwa jicho lingine.

#18 Mama Kuku wa Kibaha
We kijana, trei ni bei ile ile.

#19 Mvita Kindaki
Nawasoma kutoka Mombasa. Mnabishana ni ukuta au ni shamba, na hamjataja upepo. Hizi kemikali huwa mvuke kwenye joto, zikapeperuka, zikifika penye baridi zikaanguka. Joto tena, zikaruka tena. Ndio maana akina mama wa Inuit, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Québec huko Canada, ambako hakuna kiwanda wala shamba, walipopimwa maziwa yao miaka ya 1980 walikutwa na PCB kama mara tano ya akina mama wa kusini mwa jimbo hilo. Watafiti walikuwa wanatafuta watu wasio na uchafu wawafanye kipimo cha kulinganishia! Wale watu wanakula sili na nyangumi, wamekalia ngazi ya juu kabisa.

Kwa hivyo DDT ya mashamba yetu huenda haiko kwa pomboo wa Kizimkazi. Huenda iko kwa dubu mweupe.

#20 Kigwangwa
Yaani tumesafirisha bidhaa nje bila kulipwa.

#21 Shakwe Mweupe
#19 uko sahihi kuhusu upepo, ila usisahau kwamba ndege nao ni wachukuzi. Kisiwa cha Bjørnøya, kati ya Norway na Svalbard, kina ziwa linaloitwa Ellasjøen, ndege wa baharini wanajaa pale na kinyesi chao kinaingia majini. Ziwa lingine kisiwani humo humo ndege hawaliendei. Samaki wa ziwa la ndege wana PCB nyingi kupita wa ziwa lile lingine. Ndege anavua baharini, anaenda kujisaidia ziwani, na shehena inashuka.

#22 Daktari wa Mifugo
Naomba nipinge kidogo #3, bila ugomvi. Ngazi ya chakula pekee haitoshi. Samaki mkubwa wa kuwinda naye yuko juu, mbona mara nyingi hafikii viwango vya pomboo au shakwe?

Tazama pumzi. Samaki anapitisha maji kwenye matamvua mchana na usiku. Kemikali ambazo hazijashikamana sana na mafuta zinapata nafasi ya kurudi majini kupitia hapo. Pomboo, sili, ndege, hawa wanavuta hewa. Kemikali isiyotaka kuwa mvuke haitoki kwa pumzi. Zipo kemikali, mfano aina moja ya HCH, ukoo wa lindane, ambazo kwa samaki hazilimbikizani hata kidogo lakini kwa wanyama wanaovuta hewa zinapanda vizuri tu. Ongeza kwamba damu yao ni ya joto, wanakula sana, na jamii ya nyangumi ina upungufu wa baadhi ya vimeng'enya vya kuvunja PCB. Mlango wa kuingilia ni mpana, wa kutokea haupo.

#23 Fundi Maabara
Dokta sijapinga. Ila bado lazima iingie kwanza, na inaingia kwa mdomo.

#24 Daktari wa Mifugo
Mlango mmoja upo, nimekumbuka. Maziwa.

#25 Bi Mwanakheri
Eeh! Fafanua.

#26 Daktari wa Mifugo
Maziwa ya pomboo na sili ni mazito kwa mafuta. Kuna sili wa kaskazini ananyonyesha siku nne tu, na zaidi ya nusu ya maziwa yake ni mafuta. Mafuta yale yanatoka kwenye ghala la mama, na sumu inakwenda nayo. Kwa pomboo wa Zanzibar waliopimwa, ilikadiriwa kwamba mama anampa mtoto asilimia 72 ya shehena yake ya dawa za wadudu, na kupitia kondo la nyuma ni asilimia 2.5 tu. Karibu yote ni kunyonyesha. Ndio maana dume mzee ana sumu kuliko jike wa umri wake, na mtoto wa kwanza ndiye anayepokea mzigo mkubwa. Wadogo zake wanakuta ghala limeshapungua.

#27 Kifungua Mimba
Mimi ni wa kwanza kuzaliwa kwetu. Sasa nimeelewa kila kitu kuhusu maisha yangu.

#28 Bi Mwanakheri
Msitishe wanawake lakini. Mtu akisoma hapa ataacha kunyonyesha.

#29 Daktari wa Mifugo
Sawa kabisa Bi. Hata kwa wale akina mama wa Inuit ushauri ulibaki kuwa wanyonyeshe, faida ya maziwa ni kubwa. Mama wa kwetu anayekula dagaa na mchicha hayuko kwenye ngazi ya nyangumi.

#30 Shakwe Mweupe
Hapo kwenye watoto kuna kisa cha aliyegundua PCB kwa viumbe. Msweden, Sören Jensen, mwaka 1966. Alikuwa anatafuta DDT, kipimo kikawa kinatoa alama za ziada asizozijua. Akazifuatilia, akazikuta kwa samaki, kwa tai wa baharini, hata kwenye manyoya ya tai ya miaka ya 1940 yaliyohifadhiwa makumbusho. Mwisho akapima nywele za nyumbani kwake: zake, za mkewe, na za binti yao wa miezi mitano. Mtoto alikuwa nazo. Hakuwa amekula kitu zaidi ya titi.

#31 Mzee wa Gridi
PCB ndiyo ipi hasa? Ile ya transfoma? Nimefanya kazi za umeme miaka 22.

#32 Fundi Maabara
Ndiyo hiyo mzee. Ilitengenezwa kuanzia 1929, mafuta yasiyoshika moto ovyo wala kuoza, yakatiwa kwenye transfoma na kapasita. Tatizo lake ni kwamba hata huku nje hayakuoza.

#33 Mzee wa Gridi
Basi nina dhambi za kuungama. Ujana wetu tulikuwa tunanawia yale mafuta mikono. Mmoja wetu alikuwa na upele, anajipaka. Na wezi wa mafuta ya transfoma hamjawasahau, yanaishia kwenye karai la chips.

#34 Chumvi Kidogo
Mzee usitaje chips. Nakula sasa hivi.

#35 Fundi Maabara
Mengi ya sasa ni mafuta ya madini, si PCB. Lakini mitambo ya zamani ipo, na mafuta huchanganywa wakati wa matengenezo. Mkataba wa Stockholm wa 2001 ulizitaka nchi ziache kutumia vifaa vyenye PCB ifikapo 2025. Kwenye karai hata hayo ya madini si chakula.

#36 Mzaramo Asilia
Turudi baharini. Kwa hiyo pomboo wa kwetu wamejaa PCB za transfoma?

#37 Fundi Maabara
Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanakosea. Kwa pomboo wa Zanzibar PCB zilikuwa chembe tu. Dawa za wadudu nazo zilikuwa chini kuliko za bahari nyingine. Kilichoongoza kilikuwa kemikali zenye bromini ambazo inadhaniwa zinatengenezwa na viumbe vya baharini vyenyewe. Hizo zilikuwa juu kuliko kwingine.

#38 Mwana wa Dimbani
Subiri. Yaani sumu iliyoongoza ni ya bahari yenyewe? Mjomba akisikia hii hatalala kwa furaha.

#39 Daktari wa Mifugo
Asishangilie. Madhara yake hayajulikani, na umbo lake linafanana na kemikali za kuzuia moto ambazo tunajua zinaleta shida. Na imepanda ngazi ile ile, imepita kwenye maziwa yale yale: asilimia 85 kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Njia inafanya kazi, awe aliyeipeleka ni mtu au ni sponji wa baharini.

#40 Mvita Kindaki
Na ile 2006? Pomboo kama 400 walikufa pwani ya Nungwi kwa mkupuo. Hiyo si sumu?

#41 Nahodha Mstaafu
Sumu hizi haziui hivyo, haziui mia nne usiku mmoja. Zinaua polepole: uzazi, kinga ya mwili. Ya Nungwi wengine walisema sona za manowari, ile mitambo ya kusaka vitu majini kwa sauti, wengine walisema kundi lilipotea likaingia maji madogo.

#42 Mvita Kindaki
Mwanadamu kwanza hukanusha. Sili wa Bahari ya Kaskazini mwaka 1988 walikufa kama 18,000, ikasemwa ni virusi. Baadaye Waholanzi wakawalisha sili wengine samaki heringi wenye sumu wa Bahari ya Baltiki, wengine heringi safi wa Atlantiki, na wale waliolishwa wa Baltiki kinga ikashuka. Kwa hiyo virusi viliua, lakini nani alifungua mlango?

#43 Nahodha Mstaafu
Sili sawa. Nungwi bado sikubali.

#44 Mbongo Vancouver
Mnaotaka kuona sumu inavyomaliza kizazi polepole, someni habari za Lulu. Orka jike, alikutwa amekufa kisiwa cha Tiree, Scotland, Januari 2016. Kilichomuua ni kunaswa na kamba. Alikuwa na miaka 20 hivi na hajawahi kuzaa. Mfuko wa mayai haukuonyesha dalili ya kufanya kazi. PCB yake: miligramu 957 kwa kilo ya mafuta. Kiwango kinachodhaniwa kuanza kuleta madhara ni 9. Kundi lake halijaonekana na mtoto kwa zaidi ya miaka 20.

#45 Kigwangwa
957 kwa 9. Hata mimi wa hesabu za vidole nimeelewa.

#46 Kijana wa Mazingira
Wakuu nimechelewa. Hakuna aliyetaja PLASTIKI? Ndege wa baharini wanameza vipande vya plastiki, na plastiki ina kemikali zake. Hilo ndilo jibu la uzi mzima, fungeni.

#47 Shakwe Mweupe
Karibu kijana, usifunge duka la watu. Ni kweli kwa sehemu. Kuna utafiti wa 2013 wa ndege wa ukoo mmoja na albatrosi: kati ya 12, watatu walikuwa na aina za vizuia moto ambazo samaki ambao ndege hao huwala hawakuwa nazo, ila plastiki za tumboni mwao zilikuwa nazo. Lakini PCB na DDE nyingi bado zinapitia chakula. Na mwari wa Anacapa 1970 hakuhitaji chupa ya plastiki.

#48 Kijana wa Mazingira
Asilimia ngapi plastiki, ngapi chakula?

#49 Shakwe Mweupe
Inategemea ndege, kemikali na bahari. Ndio maana watu bado wanagombana.

#50 Mwana wa Dimbani
Wakuu, jana nimemsomea mjomba uzi wote, ukiacha wa chips. Amesikiliza kimya, hilo peke yake ni muujiza. Mfano wa sifa umemuingia. Kisha akaniuliza swali ambalo nalileta kama lilivyo: "Tulikuwa tunakata mafuta ya pomboo, tunatia kwenye ndoana, papa anameza, papa tunamkausha, anapelekwa sokoni. Hapo ngazi ya juu alikuwa nani?"

#51 Fundi Maabara
Papa aliyekamatwa na chambo kile hajawahi kukisaga, bado kiko tumboni na utumbo mnautupa. Alichonacho nyamani ni cha miaka yake mwenyewe. Tena nyama ya papa haina mafuta mengi, yako kwenye ini. Kwa papa, mimi ningeogopa zebaki kwanza.

#52 Daktari wa Mifugo
Na ini ndilo walilokuwa wanapika sifa.

#53 Mwana wa Dimbani
Mjomba anauliza tena: na wale papa waliokula chambo wakakata mshipi wakaenda zao? Anasema walikuwa wengi kuliko waliokamatwa.